Mtandao Unaokawia Nyumbani: Tupime Kabla ya Kulipa

(Mazungumzo yaliyotolewa na mwanachama wetu, fundi mstaafu wa mawasiliano, mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani katika bwalo la shule. Tumeyachapa kama yalivyosemwa, isipokuwa maswali ya ukumbini.)



Katibu aliponiandikia aliniomba nizungumzie teknolojia na maendeleo. Nilimjibu kwamba somo hilo ni pana kama ziwa lenyewe, nami si mvuvi wa kilindini. Nitazungumzia jambo dogo linalotusumbua wengi wetu kila jioni hapa Mwanza, nalo ni waifai ya nyumbani inayokawia. Unampigia mwanao aliye Dodoma simu ya video, unasema "Habari za huko?", unangoja, picha inaganda mdomo wazi, halafu majibu matatu yanafika kwa mpigo mmoja. Wewe umekwisha kuuliza swali jingine, naye anajibu la zamani. Mwishowe mnaagana bila kuelewana, na lawama yote anaitwishwa mwenye kampuni ya simu.

Ninayo sababu ya kuchagua somo hili leo. Katika kabrasha tulilopewa mlangoni liko pendekezo kwamba chama chetu kichange fedha kila mwaka za kulipia kifurushi kikubwa zaidi cha intaneti kwa ajili ya maktaba na nyumba za walimu, kwa maana kilichopo hakitoshi. Naomba nieleweke vizuri: sipingi kuchanga. Ninachoomba ni kwamba kabla ya kupiga kura tuujue ugonjwa wenyewe. Katika miaka yangu ya ufundi nimeona nyumba nyingi mno zikinunua dawa ya kichwa, kumbe kinachouma ni mguu.

Yako maneno mawili ambayo watu huyachanganya. Anayeuza intaneti hutuuzia megabiti kwa sekunde: 10, 20, 50. Hicho ni kipimo cha wingi, yaani mzigo kiasi gani waweza kupita katika sekunde moja. Kuchelewa ni jambo jingine kabisa. Ni muda unaopita tangu simu yako itume swali hadi jibu lirudi, na hupimwa kwa milisekunde, ambazo 1,000 ndizo sekunde moja. Mtu anayepakua filamu anahitaji wingi; hajali kama tone la kwanza limekawia nusu sekunde, mradi ndoo ijae. Lakini anayezungumza, anayefanyiwa usaili kwa video, au kijana anayecheza mpira wa kompyuta na mwenzake wa Nairobi, huyo anahitaji jibu la papo hapo, ingawa mzigo wake ni mdogo. Sauti ya mtu mmoja kwenye simu ya intaneti inatosha katika kilobiti 100 kwa sekunde au pungufu, yaani sehemu moja ya kumi ya megabiti 1. Shirika la Mawasiliano Duniani, ITU, linapendekeza kwamba sauti isitumie zaidi ya milisekunde 150 kwa safari ya upande mmoja. Ikizidi hapo watu huanza kukatizana maneno bila kukusudia.

Wenzangu mliotoka Sengerema, Geita na Bukoba mnaikumbuka pantoni ya Kigongo na Busisi. Basi lilikuwa zima, dereva hodari, barabara ya lami. Mkifika Kigongo mnakuta foleni ya malori, pantoni iko ng'ambo, nanyi mnashuka kununua mahindi ya kuchoma na kutazama maji. Je, kununua basi lenye injini kubwa zaidi kungesaidia nini? Lingewahi kufika kwenye foleni, basi. Tarehe 19 Juni 2025 lilifunguliwa daraja la J.P. Magufuli, lenye urefu wa kilometa 3 juu ya ghuba ile, na sasa gari huvuka kwa dakika chache. Mabasi ni yale yale. Kilichoondoka ni kungoja. Basi mtu anapoongeza kifurushi kutoka megabiti 10 hadi 20 na simu yake ikaendelea kukwama, asishangae. Huenda amenunua injini wakati shida yake ilikuwa pantoni.

Safari ya swali lako ina vipande vingi. Kwanza ni kutoka kwenye simu hadi kwenye ruta iliyo sebuleni, kwa redio. Kisha ni kutoka kwenye ruta hadi kwa kampuni, kwa uzi wa mkongo ikiwa umebahatika, au kwa mnara. Halafu Mwanza hadi Dar es Salaam kwa Mkongo wa Taifa, na mara nyingi baada ya hapo ni chini ya bahari. Kipande kirefu ndicho tunachokilaumu sana, na kwa kawaida ndicho chenye hatia ndogo. Nuru ndani ya uzi wa kioo husafiri kiasi cha kilometa 200 kwa kila milisekunde moja. Kutoka hapa hadi Dar es Salaam kwa barabara ni zaidi ya kilometa 1,000. Kwenda na kurudi, hata tukiongeza mitambo ya njiani, ni jambo la milisekunde ishirini na kitu. Kwenda Ulaya na kurudi ni zaidi ya 100, na hapo hakuna fundi awezaye kubishana na urefu wa bahari.

Wazee wenzangu watakumbuka hali ilivyokuwa kabla ya mwaka 2009, wakati intaneti yetu ya kwenda nje ilitegemea setilaiti zilizo kiasi cha kilometa 36,000 juu ya Ikweta. Swali lilipanda na kushuka, jibu likapanda na kushuka, na karibu nusu sekunde ilikwisha angani kabla hata mtambo wa upande wa pili haujafikiri. Mkongo wa SEACOM ulipofika Dar es Salaam mwezi Julai 2009, na ule wa EASSy mwaka uliofuata, deni hilo lilipungua sana. Ni kweli mikongo hukatika. Tarehe 12 Mei 2024 hiyo miwili ilipata hitilafu kwa pamoja upande wa kusini, na nchi yetu, pamoja na majirani, ikasuasua. Siku kama ile tulia tu, soma kitabu. Hakuna ruta duniani itakayokusaidia. Lakini siku kama zile ni chache. Kinachotusumbua kila jioni saa mbili mara nyingi kimo ndani ya ua wetu wenyewe.

Utajuaje? Kwa kupima, na kupima si kazi ya wataalamu. Kila kompyuta inayo amri iitwayo ping. Kazi yake ni kutuma ujumbe mdogo kwenye anwani fulani na kukuambia jibu limerudi baada ya milisekunde ngapi. Ruta yako ina anwani, aghalabu imebandikwa chini ya tumbo lake, kwa mfano 192.168.1.1. Kaa mahali pale unapopata shida, si karibu na ruta, kisha iulize ruta kwa dakika tano mfululizo. Ikijibu kwa milisekunde 2 au 5 kila mara, nyumba yako ni safi. Ikijibu 3, kisha 4, kisha 280, kisha isijibu kabisa, basi hujatoka hata mlangoni na umekwisha kuchelewa. Mwenye kampuni hahusiki. Baada ya hapo uliza anwani ya mbali, mathalani 1.1.1.1 au 8.8.8.8, wakati hakuna mtu mwingine nyumbani anayetumia mtandao, uandike namba. Halafu, na hiki ndicho kipimo ambacho watu hawakifanyi, mwambie mtu atume video ndefu kutoka kwenye simu yake, nawe uendelee kuuliza anwani ile ile. Namba ikiruka kutoka 30 hadi 800, umempata mwizi. Nitamweleza mwizi huyo baadaye kidogo.

Kama kipimo cha ndani kiko sawa, cha mbali kiko juu kila jioni hata nyumba ikiwa kimya, na asubuhi kinashuka, hapo tena shida iko mnarani: watu ni wengi. Hapo una haki ya kulalamika, tena unalalamika ukiwa na karatasi mkononi yenye tarehe, saa na namba. Nawahakikishia anayepokea malalamiko humsikiliza zaidi mtu mwenye namba kuliko mwenye hasira.

Sasa nirudi ndani ya ua. Jiji letu limejengwa juu ya mawe. Ukitazama Bugando, Mabatini, Igogo au Nyamanoro, nyumba zimepachikwa kati ya majabali, na mara nyingi jabali lenyewe ndilo limekuwa ukuta wa jikoni. Watalii hupiga picha, lakini redio haipendi. Jabali humeza mawimbi, ukuta wa tofali za saruji hupunguza, tanki la maji hunywa, na bati huyarudisha yalikotoka. Na sisi tunafanya nini? Tunaiweka ruta pale fundi alipofikia na waya wake, pembeni mwa nyumba, chini, nyuma ya televisheni, na wengine huifungia kwenye kabati la chuma isije ikaibwa. Halafu mtoto anasomea chumba cha uani, kuta tatu kutoka pale.

Ruta ipande juu, ikae katikati ya mahali watu wanapoishi, iwe wazi. Kama inatumia laini ya simu na haina mkongo, basi upande wa dirisha unaotazama mnara ni bora, hata kama ni lazima waya mrefu ulete intaneti ndani. Nyumba iliyo nyuma ya jabali haitasaidiwa na maombi. Jambo hili peke yake, lisilogharimu senti, limetibu nyumba nyingi kuliko vifaa vyote nilivyowahi kufunga.

Liko pia suala la masafa. Ruta nyingi za sasa zina mawili. Ya gigahezi 2.4 hupenya ukuta vizuri zaidi, lakini yamejaa kama soko: ruta za majirani, spika zisizo na waya, hata jiko la maikrowevu hupiga kelele humo humo. Na ndani yake mna chaneli tatu tu zisizoingiliana, yaani 1, 6 na 11. Kwenye vilima vyetu nyumba ya jirani iko juu ya paa lako, na ruta yake inakutazama utosini. Masafa ya gigahezi 5 yana nafasi kubwa na utulivu, ila huchoka upesi mbele ya ukuta. Kanuni yangu ni nyepesi: walio chumba kimoja na ruta watumie 5, walio mbali watumie 2.4, na kwenye 2.4 uchague miongoni mwa zile chaneli tatu ile ambayo majirani wameiacha.

Wakati mwingine vijana huniuliza kwa nini simu moja iliyo mbali iwacheleweshe wote walio karibu. Jibu ni kwamba waifai ni mkutano ambao msemaji ni mmoja tu kwa wakati mmoja. Mbinu yenyewe ilianzia visiwani. Mwaka 1971 Norman Abramson na wenzake wa Chuo Kikuu cha Hawaii waliunganisha kompyuta za visiwa mbalimbali kwa redio, kama vile sisi tungetaka kuunganisha Ukerewe, Ukara na Kome na Mwanza mjini. Kila kituo kilirusha ujumbe kilipotaka. Ukigongana na wa mwingine, kilingoja muda wa kubahatisha kisha kikarudia. Waifai ya leo ina adabu zaidi, husikiliza kwanza ndipo iseme, lakini kugongana na kurudia kungalipo, na kila kurudia ni muda. Simu iliyo mbali inasikika vibaya, kwa hiyo husema polepole sana ili ieleweke. Ni kama mzee mmoja wetu akipewa kipaza sauti katika mkutano huu. Ninyi nyote mtangoja, hata wenye maneno mawili tu. (Simtaji, na yeye anajijua.)

Kijana mmoja aliyemaliza hapa miaka michache iliyopita anaishi na mama yake Mabatini. Amesomea uhasibu, na alipata bahati ya kuitwa kwenye usaili kwa video na waajiri walioko nje ya nchi. Mara ya kwanza sauti yake ilifika vipande vipande, wakamshukuru kwa muda wake, ikaishia hapo. Akaongeza kifurushi maradufu kwa fedha ambazo nyumba ile haikuwa nazo za kuchezea. Usaili wa pili ukawa vile vile. Aliponiita tulikaa chumbani kwake, tukaiuliza ruta iliyo mita kama 15 kutoka pale: 4, 6, 350, kimya, 410. Kati yake na ruta kulikuwa na kuta mbili na kona ya jabali. Tulichofanya ni kununua waya wa mtandao wa mita 20, tukaupitisha darini, tukauchomeka kwenye kompyuta yake. Ruta ikajibu chini ya milisekunde 1, bila kukosa. Alirudisha kifurushi cha zamani. Usaili wa tatu aliumaliza bila mtu kumwomba arudie sentensi, na kazi akapata. Sisemi kwamba waya ndio uliompa kazi. Kichwa ni chake. Ila mara mbili za kwanza kichwa hicho hakikupata nafasi ya kusikika.

Basi msiudharau waya. Unaweza kwenda hadi mita 100 bila kupungua nguvu, haujali jabali wala jirani. Televisheni, kompyuta ya mezani, kitu chochote kisichotembea, kipewe waya, na hewa iachiwe simu zinazotembea. Kinyume chake ni vile vikuza mawimbi vinavyochomekwa ukutani. Siwanyimi wafanyabiashara riziki yao, lakini kikuza mawimbi cha bei nafuu hupokea neno kwa redio na kulirudia kwa redio ile ile. Kila kitu kinasemwa mara mbili katika mkutano uliokwisha kujaa. Alama ya waifai kwenye simu itajaa, na kukawia kutaongezeka. Afadhali kifaa cha pili cha waifai kilichoungwa kwa waya na cha kwanza. Na zile programu zinazoahidi kuharakisha intaneti kwa kubonyeza mara moja, ziacheni.

Sasa yule mwizi. Ndani ya kila ruta kuna mahali pa kungojea. Pakiti zikija kwa wingi kuliko njia ya kutokea, hupanga foleni humo. Foleni fupi ni jambo jema. Lakini kumbukumbu za kompyuta zilivyoshuka bei, watengenezaji walizidi kupanua mahali pa kungojea, wakidhani ni hisani kutotupa pakiti hata moja. Tufanye hesabu. Tuseme njia yako ya kupeleka nje ni megabiti 2 kwa sekunde, na ruta inaweza kuweka foleni ya kilobaiti 250. Kila baiti ni biti 8, kwa hiyo hizo ni kilobiti 2,000, yaani megabiti 2. Foleni ikijaa, anayefika mwisho atangoja sekunde nzima. Dada anatuma video ya harusi ya Magu kwa ndugu zake, foleni inajaa malori, na sauti yako, ambayo ni kama baiskeli, inasimama nyuma ya malori yote.

Kwa nini foleni ijae wakati wote? Kwa sababu kompyuta inayotuma huongeza mwendo hadi ione pakiti imepotea, ndipo ipunguze. Adabu hiyo ilitokana na janga. Mwezi Oktoba 1986, huko California, njia iliyounganisha maabara ya Lawrence Berkeley na chuo kikuu cha Berkeley, mahali palipoachana kwa mita mia tatu na kitu tu, ilishuka kutoka biti 32,000 kwa sekunde hadi biti 40. Kila mmoja alikuwa akirudia kutuma bila kusikiliza. Van Jacobson na wenzake wakatengeneza kanuni ya kupunguza mwendo pakiti zinapopotea, nayo ikaiokoa intaneti. Sasa, ruta yenye ghala kubwa haipotezi pakiti mapema, kwa hiyo anayetuma hapati onyo, anaendelea kujaza. Mwaka 2010 mhandisi Jim Gettys wa Marekani alikuta jambo hilo nyumbani kwake mwenyewe akituma mafaili, akalipigia kelele hadi wenzake wakalikubali. Mwaka 2012 Kathleen Nichols na huyo huyo Jacobson walitoa dawa: ruta isitazame foleni ina urefu gani, itazame pakiti imengoja muda gani, ikiona kungoja kumezidi milisekunde 5 na kunaendelea, ianze kutupa chache ili watumaji wapate habari. Wengine wakaongeza kwamba kila mzungumzaji apewe foleni yake, zichukuliwe kwa zamu. Ndivyo ilivyokuwa desturi pantonini kwa gari la wagonjwa: halikusimama nyuma ya malori.

Kwa nyumba ya kawaida dawa ni hii. Baadhi ya ruta zina sehemu ya kupanga foleni; huandikwa QoS au SQM. Pima njia yako ya kupeleka na ya kupokea, kisha iamuru ruta isivuke asilimia 85 au 90 ya namba hizo. Utapoteza wingi kidogo kwa makusudi, ili foleni ijengwe ndani ya ruta yako inayojua adabu, isijengwe mahali usipopatawala. Njia yako ikiwa ni ya mkongo, mwendo haubadiliki sana na kanuni hii hufanya kazi vizuri mno. Ikiwa ni ya mnara, mwendo hupanda na kushuka, itabidi uwe mkali zaidi, pengine asilimia 70. Na kama ruta uliyopewa haina sehemu hiyo, kama nyingi zisivyo nayo, yako mambo ya busara tu: zima ile tabia ya simu kupeleka picha zote kwenye hifadhi ya mbali kila inapoona waifai, iagize ifanye hivyo usiku wa manane, na video za harusi zingoje mtu amalize usaili. Nyumba zenye watu wanane zinaweza kulifanya hili kuwa sheria ya nyumba, kama tulivyokuwa na saa ya kimya bwenini.

Nimesema tupime, na sikutaka kuja hapa na maneno matupu. Jana jioni, kwa ruhusa ya Mkuu wa Shule, nilikaa na vijana wawili wa kidato cha tatu tukapima hapa hapa. Ndani ya maktaba, karibu na ruta, jibu lilikuwa milisekunde 2, safi kabisa. Katika nyumba ya mwalimu iliyo ya mwisho upande wa ziwa, ruta ile ile ilijibu kati ya 5 na 600, na ujumbe mmoja katika kila sita ulipotea. Anwani ya mbali, mtandao ukiwa umetulia, ilijibu kwa 31. Tulipotuma video moja, ikapanda hadi 940. Mwalimu mmoja alitueleza kwamba mafunzo yake ya masomoni kwa njia ya video ameyafuatilia mwaka mzima akiwa amesimama nje ya dirisha la maktaba usiku, na mvua ikinyesha huyakosa. Kifurushi kilichopo, tulipokipima mchana na usiku, kilikuwa kikileta megabiti zile zile kinazolipiwa.

Kwa hiyo, Ndugu Mwenyekiti, nashauri pendekezo lile lisomeke hivi: fedha za mwaka wa kwanza zinunue waya wa nje kutoka maktaba hadi nyumba za walimu, ambao kwa vipimo vyetu hauzidi mita 85 kwa nyumba iliyo mbali kuliko zote; vifaa viwili vya waifai vya kuungwa kwa waya huo; na ruta moja yenye kupanga foleni kwa haki. Waya upite ndani ya bomba na uzikwe, kwa sababu ya jua, panya na majembe, na uwe na kinga ya radi katika ncha zote mbili, maana sote tunazifahamu radi za ziwa hili. Karatasi ya bei nimempa Mweka Hazina. Ikiwa baada ya miezi mitatu vipimo vitaonyesha kwamba njia ya nje imejaa kweli, mimi nitakuwa wa kwanza kuchangia kifurushi kikubwa.

Vijana wale wawili wameandika vipimo vyote kwenye daftari, nalo liko pale mezani kwa anayetaka kulikagua. Baada ya chakula cha mchana nitakuwa kwenye chumba cha kompyuta pamoja nao. Nimekuja na bunda la waya, vichwa vyake na koleo la kubania. Anayetaka kujifunza kufunga kichwa cha waya aje, wazee kwa vijana; nyaya zenyewe ni nane na zina mpangilio wa rangi, kwa hiyo wenye miwani waje nayo.